Mtu na Kielelezo: Uhakiki wa Picha za Sura za Joy Adamson kwa Mtazamo wa Ukanda wa Mpaka wa Nyanungu, Tarime

Ikisiri

Makala hii inahakiki picha za sura zilizochorwa na Joy Adamson nchini Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, ambazo sehemu yake ilichapishwa mwaka 1967 katika kitabu The Peoples of Kenya. Uhakiki unafanywa kutoka Nyanungu, kata ya wilaya ya Tarime mkoani Mara, katika eneo la Wakurya ambao jamii yao iligawanywa na mpaka wa kikoloni. Hoja kuu ni kwamba mchoraji alihamishia kwa binadamu kanuni alizojifunza katika kuchora mimea, na kwa hiyo kila mtu aliyechorwa aligeuzwa kielelezo cha kabila lake. Hata hivyo, makala inaonesha kuwa nyuso zenyewe zinapingana na kanuni hiyo, na kwamba ubora wa picha hizo unatokana na upinzani huo. Makala inahitimisha kwa kutetea urejeshaji wa majina ya waliochorwa.

1.0 Utangulizi

Joy Adamson anajulikana duniani kwa ajili ya simba jike aitwaye Elsa. Kitabu chake Born Free kilitoka mwaka 1960, na filamu iliyotokana nacho ikatoka mwaka 1966. Umaarufu huo umefunika kazi nyingine iliyomchukua takriban miaka sita kabla ya Elsa kuzaliwa, yaani mamia ya picha za rangi za maji za wanaume na wanawake wa jamii mbalimbali za Kenya. Picha hizo zilichorwa kwa agizo la serikali ya kikoloni, na leo nyingi kati yake zimo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, na baadhi zimetundikwa Ikulu.

Wahakiki wa sanaa za Afrika Mashariki wamezigusa picha hizi kwa namna mbili zinazokinzana. Wapo wanaozithamini kama kumbukumbu ya mavazi, mapambo na alama za mwili ambazo zimetoweka. Wapo pia wanaozikataa moja kwa moja kama zao la mtazamo wa kikoloni. Misimamo yote miwili ina udhaifu mmoja: inazungumzia picha hizi kana kwamba zote zinasema jambo moja, na kana kwamba mtazamaji wake ni mmoja. Makala hii inachagua mtazamaji mahususi, yaani mkazi wa ukanda wa mpaka wa Nyanungu. Uchaguzi huo una sababu. Mkurya wa Nyanungu ana ndugu, wakwe na watani upande wa pili wa mpaka, lakini kwa masharti ya agizo lililotolewa Nairobi hakuweza kuwa miongoni mwa watu wa Kenya. Mtazamaji huyu anaiona fremu ya mradi kabla ya kuiona picha.

2.0 Maisha na Kazi ya Mchoraji

Joy Adamson alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa ndani ya Dola ya Austria na Hungaria na ambao sasa unaitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alikulia katika familia yenye uwezo, akasoma muziki na sanaa kadhaa mjini Vienna, na mwaka 1937 akafika Kenya. Mwaka 1938 aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi. Ni Bally aliyempa jina la Joy, na ni katika safari za kukusanya mimea pamoja naye ndipo kipaji chake cha kuchora kilipopata mwelekeo. Michoro yake ya maua ya Afrika Mashariki ilimpatia Medali ya Dhahabu ya Grenfell kutoka Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani ya Uingereza mwaka 1947.

Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, ofisa wa idara ya wanyamapori. Kwa sheria ya uraia ya wakati huo, mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Uingereza alipata uraia wa mumewe. Hivyo mchoraji huyu aliingia katika sanaa ya Uingereza kwa njia ya ndoa na ya koloni. Katika miaka hiyo ya 1940 alisoma pia kwa muda katika Chuo cha Sanaa cha Slade, London. Baada ya kazi ya picha za watu, maisha yake yalitawaliwa na wanyama: simba Elsa, kisha duma na chui. Aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, kaskazini mwa Kenya.

Mambo mawili katika wasifu huu yana uzito kwa uhakiki unaofuata. La kwanza ni kwamba alijifunza kuchora kwa umakini kwanza kupitia mimea, na watu wakafuata baadaye. La pili ni kwamba mwajiri wake katika kazi ya picha za watu alikuwa dola, na dola hiyo ilikuwa na namna yake ya kuwapanga watu.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala hii inaongozwa na hoja mbili zilizokwisha kujengwa na watangulizi. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyochapishwa mwaka 1979, alionesha kuwa kabila kama kizio cha utawala, chenye mipaka, chifu na mila moja, kwa kiasi kikubwa lilitengenezwa wakati wa ukoloni kwa ushirikiano wa maofisa na Waafrika wenyewe. V. Y. Mudimbe, katika The Invention of Africa ya mwaka 1988, alionesha kuwa maarifa ya Wazungu kuhusu Afrika yalitegemea jedwali la kupanga na kuainisha, ambamo mtu binafsi alionekana tu kama mfano wa kundi.

Hoja hizi zinatumika hapa kwa tahadhari. Hazitoshi kumhukumu mchoraji, kwa sababu picha si waraka wa serikali. Mkono wa msanii unaweza kutii agizo katika sehemu moja ya karatasi na kulikiuka katika sehemu nyingine. Kwa hiyo uchambuzi utaangalia kwanza fremu ya mradi, kisha mbinu ya uchoraji, na mwisho nyuso zenyewe.

4.0 Uchambuzi

4.1 Fremu: Nani Aliruhusiwa Kuchorwa

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, kwenye Bahari ya Hindi, kuuzunguka Kilimanjaro na kwenda hadi mwambao wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mstari huo ulipita katikati ya Wakurya. Ukoo mmoja uliweza kuwa na mashamba upande mmoja na malisho upande wa pili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilikuwa chini ya Waingereza, lakini tawala zilibaki mbili, zenye makao makuu mawili na majedwali mawili ya makabila.

Agizo alilopewa Adamson lilikuwa la serikali ya Kenya na lilihusu watu wa Kenya. Kwa mtazamaji wa London jina la kitabu halina tatizo. Kwa mtazamaji wa Nyanungu lina tatizo tangu kwenye jalada, kwa kuwa linachukulia kwamba jamii huishia pale utawala unapoishia. Mzee aliyetahiriwa pamoja na wenzake wa ng'ambo ya mpaka, akala nao kiapo na kubadilishana nao ng'ombe wa mahari, anajikuta nje ya fremu kwa sababu ya kalamu ya wanadiplomasia waliokutana Ulaya.

Jambo la pili katika fremu ni kiwango cha utambulisho. Maelezo ya picha hizi mara nyingi humtaja aliyechorwa kwa kabila, rika au kazi: mzee, shujaa, mganga, bibi harusi. Katika jamii ya Wakurya kabila ni jina la jumla mno kumtambulisha mtu. Mtu hujulikana kwa jina lake na la baba yake, kwa ikiaro, yaani kundi kubwa lenye eneo lake, kwa esaro, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, na kwa irikora, tabaka la kizazi analorithi kwa mpangilio unaozunguka. Anayemwona mgeni huanza na maswali haya: ni mtoto wa nani, ni wa ikiaro kipi, alitahiriwa na akina nani? Lebo inayosema tu kwamba huyu ni mzee wa kabila fulani haijibu hata swali moja kati ya hayo. Imejibu swali la ofisa wa wilaya.

4.2 Mbinu: Kutoka Ua Hadi Uso

Mchoro wa kisayansi wa mmea una kanuni zake. Mmea hutolewa katika udongo wake na kuwekwa juu ya karatasi nyeupe. Mandhari huondolewa. Jani lililotobolewa na mdudu huchorwa likiwa zima, kwa sababu mchoraji hachori jani lile bali namna majani ya aina ile yalivyo. Umakini wote huelekezwa kwenye sifa zinazoitofautisha aina hiyo na nyingine. Adamson alizimudu kanuni hizi kwa kiwango kilichotambuliwa na wataalamu.

Mtu akizitazama picha zake za watu baada ya michoro ya maua, ulinganifu unajitokeza mara moja. Aliyechorwa amekaa au kusimama mbele ya weupe wa karatasi. Hakuna boma wala ng'ombe, hakuna njia wala jirani. Shanga, ngozi, manyoya, madini na matundu ya masikio vimehesabiwa na kupakwa rangi kwa usahihi uleule uliotumika kwa petali na stameni. Sifa bainifu za aina ndizo zilizopewa mwanga.

Hapa ndipo kasoro kuu ya mradi ilipo. Picha ya sura hufuata kanuni iliyo kinyume kabisa na ya mchoro wa mmea. Kinachoifanya picha iwe ya mtu fulani ni kile ambacho mchoraji wa mimea angekisahihisha: kovu la ajali, jicho moja lililo dogo kuliko jingine, koti la kuazima. Ukiliondoa la bahati, umemwondoa mtu na kubakiza aina.

Koti si mfano wa kubuni tu. Kufikia mwaka 1950 vijana wengi wa Kikurya walikuwa wamepitia jeshi la King's African Rifles, na Michael Fleisher, katika utafiti wake kuhusu Wakurya wa Tarime uliochapishwa mwaka 2000, ameonesha jinsi utumishi wa kijeshi ulivyoacha alama katika maisha ya ukanda huu. Wanaume waliorudi vitani walikuwa na makoti ya jeshi, mishahara iliyowekwa akiba na habari za nchi za mbali. Agizo la kuchora mavazi ya jadi kabla hayajatoweka halikuwa na nafasi kwa watu kama hao, ingawa nao walikuwa watu wa jamii hiyo na wa mwaka huo. Kwa hiyo kumbukumbu inayosifiwa kuwa ya kihistoria ilikuwa imechagua kutoandika historia iliyokuwa ikitokea mbele yake.

Jambo hili lina uzito zaidi likiwekwa kwenye kalenda. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali iliyotoa agizo ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Katika miaka ileile ambayo mchoraji aliwaketisha wazee mbele ya karatasi nyeupe, dola iliwatia maelfu ya watu kizuizini na kuwahamishia wengine katika vijiji vya lazima. Dola moja iliagiza picha za utulivu na kuendesha kambi za kizuizini. Kwenye karatasi weupe ule husomeka kama mtindo. Ukisomwa pamoja na kalenda, weupe huo ni mahali palipofutwa.

4.3 Jina la Simba na Jina la Mtu

Ulinganisho mmoja ndani ya kazi za mwandishi huyohuyo unatosha kuonesha kinachokosekana. Elsa ana jina. Ana siku ya kupatikana, dada zake, tabia zake, ugonjwa na kifo chake cha mwaka 1961. Maisha yake yamejaza vitabu vitatu, Born Free, Living Free na Forever Free. Msomaji wa vitabu hivyo anaweza kumtofautisha Elsa na simba mwingine yeyote. Katika picha za watu mpangilio umegeuka: mtu ndiye anayewakilisha aina yake.

Haitakuwa haki kudai kwamba Adamson aliwapenda wanyama kuliko watu, kwani uhakiki hauna kipimo cha mapenzi. Inatosha kusema kwamba alipokuwa huru kuchagua utanzu wake alichagua wasifu, na alipofanya kazi ya serikali alipewa jedwali. Tofauti hiyo ni ya kiutanzu, na utanzu una siasa yake.

Fasihi ya Kiswahili inatoa kielelezo cha njia nyingine. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alichukua maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja, aliyezaliwa katika umaskini na kupata umaarufu kwa sauti yake, na kuyaandika kama maisha ya mtu huyo tu. Msomaji anajifunza mengi kuhusu Zanzibar ya wakati ule, lakini anajifunza kupitia Siti. Siti hakufanywa dirisha la kutazamia kabila. Huo ndio uwezo wa wasifu uliokosekana katika mradi wa Nairobi.

Kwa upande wa uchoraji, wasanii wa Tanganyika nao walitoa majibu. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na baadaye Slade katika miaka ya 1950, hakuchora sura za watu mmojammoja. Alijaza turubai zake kwa watu wanaovuna, wanaojenga na wanaokwenda sokoni. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora katika kanisa la Murang'a matukio matano ya maisha ya Kristo yakiwa katika mandhari ya Kikuyu, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1959. Ntiro na Njau walitofautiana sana kwa mtindo, lakini wote wawili walirejesha kile ambacho karatasi nyeupe ilikiondoa, yaani ardhi, kazi na majirani.

4.4 Uso Unaokataa

Uhakiki ungeishia hapo ungekuwa umelisoma agizo bila kuitazama picha. Picha bora za Adamson zina mgongano wa ndani. Kuanzia shingoni kwenda chini, mchoraji anaorodhesha. Kuanzia shingoni kwenda juu, kuna jambo jingine. Ngozi ya paji la uso imejengwa kwa tabaka nyembamba za rangi, midomo imefungwa kwa namna ambayo haifanani kutoka picha moja hadi nyingine, na macho mara nyingi hayamtazami mchoraji. Baadhi ya waliochorwa wanaonekana wamechoka. Wengine wana dalili ya kuudhika, na wachache wanaonekana kufurahia.

Sababu yake ni ya kimatendo. Mmea uliokatwa hauna la kusema kuhusu kuchorwa. Mtu aliyeketi kwa saa nyingi juani, akiwa amevaa mavazi ya sherehe siku isiyo ya sherehe, ana maoni, na maoni hayo hujiandika usoni. Mchoraji aliyefunzwa kunakili kwa uaminifu kile anachokiona hakuweza kuyaacha. Uaminifu uleule wa mtaalamu wa mimea, uliomfanya ahesabu shanga, ulimlazimisha pia kunakili subira na kero ya aliyeketi mbele yake. Kwa maana hiyo mbinu yake iliusaliti mradi wake, na usaliti huo ndio thamani ya kudumu ya picha hizi.

Hitimisho hili linajibu misimamo miwili iliyotajwa katika utangulizi. Wanaozithamini picha kama orodha ya mavazi wanathamini sehemu yake iliyo dhaifu zaidi, kwa kuwa mavazi yalivaliwa kwa agizo. Wanaozikataa kama zao la ukoloni wanawakataa pamoja nazo watu waliokaa mbele ya mchoraji, na hivyo kurudia kosa la lebo: kumwona mtawala na kutomwona aliyechorwa.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonesha kuwa picha za sura za Joy Adamson zilibanwa na fremu tatu: mpaka wa utawala uliowagawa Wakurya, jedwali la makabila lililofuta utambulisho wa ikiaro, esaro na irikora, na kanuni za mchoro wa mimea zilizoondoa mandhari na nasibu. Imeonesha pia kuwa nyuso zilizochorwa zimezivunja fremu hizo kwa kiasi ambacho mwagizaji hakukitarajia.

Suala hili linahusu pia wakati huu. Picha za aina hii hutumika katika vitabu, maonesho na matamasha kama ushahidi wa utamaduni asilia, na vijana wa maeneo kama Nyanungu huambiwa kuwa hivyo ndivyo babu zao walivyokuwa. Kijana akikubali picha kama kipimo cha Ukurya wake, atakuwa amekubali kwamba babu aliyevaa koti la jeshi, au aliyeishi kusini mwa mpaka, hakuwa Mkurya kamili. Ni wajibu wa watafiti kuzuia hitimisho hilo.

Kwa hiyo makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, nakala za picha zipelekwe katika jamii zilikochorwa, na kwa jamii zilizogawanywa na mpaka zipelekwe pande zote mbili, ili majina ya waliochorwa yatafutwe kwa wazao wao kabla kizazi kinachoweza kuwatambua hakijaondoka. Pili, maelezo ya picha yaandikwe upya kwa kufuata namna jamii husika inavyomtambulisha mtu, jina lake likitangulia kabila. Tatu, watafiti wa lugha na fasihi katika mkoa wa Mara wakusanye simulizi za familia zinazohusu kuchorwa na kupigwa picha, kwa kuwa habari za waliochorwa zimekwisha kusimuliwa na mchoraji peke yake. Uso bila jina umekwisha kufanya kazi ya kutosha kwa niaba ya kabila. Uliobaki ni utafiti wa kumrudisha mwenye uso.